Madirisha Yaliyorudi Kivyake

Scolastika alikuwa na stesheneri pale Masumbwe, na kiburi cha mtu aliyejifunza kompyuta bila kufundishwa. Kila kazi aliifungulia dirisha lake kwenye kivinjari, akayashika yote kichwani: la kwanza la fulani, la pili la fulani. Umeme ukikatika, na Masumbwe haukawii kukatika, kivinjari kilimrudishia madirisha yote, ila kinyumenyume.

Tanvir, fundi aliyemuuzia kompyuta, alimwonya. "Dada Scola, hicho kivinjari hakitunzi mpangilio. Lipe kila dirisha jina."

"Nayajua madirisha yangu kama wanangu," alijibu.

Dawa yake ilikuwa kuhesabu kutoka nyuma. Ilimfaa muda mrefu, na hapo ndipo alipoponzwa.

Mvua ziliporomosha maduara mawili, yaani mashimo ya wachimbaji wa dhahabu, moja likimilikiwa na Mwita na jingine na Donatus. Hospitali ilikuwa mbali, kwa hiyo msimamizi wa wachimbaji alimtumia Scolastika picha za marehemu, ndugu wazitambue palepale. Hazikuwa na majina. Alizifungua akitazama pembeni, maana roho ilimuuma: dirisha la kwanza watu wa Mwita, la pili wa Donatus. La tatu lilikuwa la tangazo la kanisa.

Umeme ukakatika. Uliporudi, la kanisa lilitangulia, kama alivyotegemea. Hakuangalia zaidi. Akachukua la mwisho kuwa la Mwita.

Mama Ndaki akaingia, kanga kichwani, midomo mikavu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndaki wangu alikuwa kwa Mwita."

Scolastika akamgeuzia kioo cha kompyuta. Mama akatazama uso mmoja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho.

"Hayumo!" Akakaa chini sakafuni, akacheka huku analia. "Mshenzi yule! Atakuwa amekimbilia Katoro bila kuaga. Wabeja, mwanangu, asante sana!"

Alitoka akipiga vigelegele barabarani, na Scolastika naye akafuta machozi ya furaha.

Kisha akaja Generosa kumtafuta mumewe, mchimbaji wa Donatus. Scolastika akafungua dirisha la katikati, na safari hii akatazama. Uso wa pili ulikuwa wa Ndaki. Alimjua vizuri, kwani alishampiga picha za kitambulisho.

Alifunga kivinjari, akafungua tena. Madirisha yakaja kwa mpangilio mwingine kabisa. Akajaribu tena, nayo yakaja vingine. Ndaki alikuwemo kila mara. Akamwambia Generosa ukweli kwamba picha zimechanganyika, akamwonyesha zote, naye akampata mumewe miongoni mwa wale ambao Mama Ndaki alikuwa amewashangilia kuwa si wake.

Scolastika alichukua bodaboda. Hakuthubutu kumtuma mtu wala kupiga simu.

Uani kwa Mama Ndaki majirani walikuwa wamejaa, na kuku alishachinjwa. Mama akamvutia kigoda, akamwekea sahani ya ugali mapajani.

"Kula, mwanangu. Wewe ndiye uliyeniletea habari."

Scolastika aliiweka sahani chini. "Mama, nilikosea. Kompyuta ilivuruga madirisha, nikakuonyesha watu wa Donatus. Ndaki yumo kwenye picha za Mwita. Nimemwona."

Mama Ndaki hakulia. Alimshika mkono, akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini, kama anayeomba chumvi kwa jirani:

"Si umesema inavuruga? Basi kaizime, mwanangu. Uiwashe tena."