Loku Anaita Furaha Huzuni

Loku wa kijiji cha Dranya alijifundisha kinanda kwa simu, tena simu yenyewe kioo imepasuka kama shamba ya kiangazi. Na kinanda hakuwa nayo, jamani! Alichora vitufe na mkaa juu ya ubao, akawa anabonyeza ubao, sauti inatokea kichwani mwake tu. Aliposikia kwaya moja ya Arua inatafuta mpiga kinanda, akafunga nguo zake, akaja kulala kwa shangazi yake, mtaa wa Awindiri. Kiti ya mpiga kinanda ilikuwa moja. Loku aliitaka ile kiti vile mutu ya homa anataka maji.

Mwenye kuchagua ni Mwalimu Duku, kiongozi wa kwaya. Shati yake pasi safi, ulimi wake wembe.

"Geukia ukuta," akamwambia Loku. "Mimi nabonyeza vitufe tatu pamoja. Hiyo inaitwa kodi. Wewe sema ni meja ao maina."

"Kodi!" mmoja wa nyuma akadakia. "Huyu si atatafuta mwenye nyumba?"

Kwaya nzima kwi kwi kwi. Duku akanogewa. "Basi turahisishe. Meja ni furaha, maina ni huzuni. Sema furaha ao huzuni tu. Hata mbuzi ya Koboko inajua furaha."

Loku naye akacheka, maskini. Alifikiri wameanza kumpenda.

Duku akabonyeza. Kodi ya meja ikatoka nyeupe, wazi kabisa.

"Huzuni," Loku akasema.

Ikafuata ya maina, nzito, kama wingu.

"Furaha."

Weee! Watu walishikana mabega kwa kicheko. Lakini Loku hakuwa anabahatisha. Siku mama yake alizikwa, zeze za adungu zililia meja tupu, maana kwao wafu wanasindikizwa na ngoma. Watu walirusha vumbi kwa miguu, yeye katikati analilia mama. Maina nayo aliikuta kwenye harusi ya dada yake Poni, vigelegele mpaka barabarani. Mutu amemuuliza furaha iko wapi, yeye akaonyesha pale alipoiacha.

"Mwalimu," akasema, uso bado kwa ukuta, "naomba niite meja na maina. Hizo sikosi."

"Ah, sasa mbuzi inachagua majani!" Duku akasema. "Endelea na furaha."

Akaendelea. Akakosa zote, hakuna hata moja iliyopona.

Mama Rosina, mkubwa wa sauti ya kwanza, akamsogelea Duku. "Mwalimu, mutu ya kubahatisha angepata hata nusu. Huyu masikio yake iko mzima. Ni maneno tu imegeuka."

"Najua, mama," Duku akajibu, anafuta machozi ya kicheko. "Nilijua toka ya tatu. Sasa unataka nikatae utamu?"

Kiti Duku akampa Lado, mtoto wa dada yake mwenyewe. Loku akaambiwa anaweza kuja kila mazoezi, na kwaya ikichoka, wacheze naye ule mchezo kidogo. Baadaye ataruhusiwa kugusa kinanda, kidogo tu.

Akaja. Aigomee kinanda ya kweli, yeye aliyezoea mkaa?

Lakini mara hii alikuwa amejiandaa. Usiku wote alikuwa anageuza maneno kichwani. Duku akabonyeza ile nyeupe.

"Furaha," Loku akasema, kifua mbele.

Kwaya wakatazamana kama watu waliomwagiwa chai. Mmoja akapiga miayo. Duku akanyoosha mkono, akachukua kitambaa, akaanza kufunika kinanda taratibu.

"Aa, samahani mwalimu!" Loku, aliyesikia kitambaa, akasema haraka. "Nimekosea. Ile ni huzuni."

Kicheko ikapasuka mpaka nje. Duku akatupa kitambaa pembeni, akabonyeza ingine, na Loku, macho kwa ukuta, akaanza kutafuta jibu ya uongo.