Sifuri Niliyoiandika Walikale

Siku ya kwanza kazini nilipewa kalamu, chupa ya wino na onyo. Bwana Inspekta, mzungu mkubwa wa mashule katika upande wetu, alinitazama viatu kwanza, kisha akasema: "Wewe karani. Kazi yako kuandika. Hapana kuuliza." Nilikuwa kijana wa Masisi, mtoto wa mkulima, ninajua Kifaransa cha shule na kupiga mashine kwa vidole vyote. Nikaitika, "Ndiyo, Bwana." Na nilivyofurahi! Laiti ningeuliza siku ileile.

Ofisi yetu ilikuwa ikitayarisha mpango wa shule za ufundi. Ninyi mnaopanga leo mjue kwamba wakati wetu, miaka ya hamsini ilipoanza, mpango ulianza na fomu yenye mistari: waashi, maseremala, wahunzi, washonaji. Karani alipita kijiji kwa kijiji akijaza hesabu ya mafundi. Palipoonekana mafundi wengi ndipo palipojengwa atelye, yaani karakana ya kufundishia, kwa sababu wasaidizi wa mwalimu wangepatikana hapohapo. Hayo nayajua leo. Wakati ule nilipewa fomu tu na kuambiwa niende Walikale.

Niliteremka kutoka milima yetu hadi msituni, siku kadhaa kwa miguu. Katika kijiji cha kwanza nilisikia nyundo ikilia kwa mbali. Nilipokaribia, mama mmoja akapaza sauti kwamba mbuzi wameingia shambani, na nyundo ikanyamaza. Sikuona mbuzi wala shamba.

Alinipokea Papa Kamundala, mzee mwenye mikono iliyojaa makovu ya cheche. Akaniketisha karibu na kibanda ambacho makaa yake yalikuwa bado yanafuka.

"Papa, hapa kuko wahunzi ngapi?"

"Wahunzi? Hapa hakuna, mutoto yangu. Sisi tuko bantu ya kulima tu."

"Na ile moto?"

"Tunachoma mihogo."

Nilimwelewa. Wakati wa vita vya wazungu, waliokuja na karatasi waliandika majina, na walioandikwa walipelekwa porini kutafuta utomvu wa mpira, au migodini. Mjomba wangu mwenyewe aliandikwa na hatukumwona tena. Basi nikamwonyesha mzee yule mstari wa wahunzi. Nikaandika sifuri mbele ya macho yake. Kijiji cha pili, sifuri. Nikamaliza vijiji vyote nilivyopangiwa hivyohivyo, moyo mweupe, nikijiona mwokozi wa watu.

Miezi ikapita. Siku moja Bwana Inspekta akanipa kurasa nizipige kwenye stensili, ile karatasi ya nta inayotoa nakala nyingi. Napiga, napiga, nikafika mahali palipoandikwa: Masisi, atelye ya useremala na uashi. Walikale, hakuna, watu wa msitu hawajui chuma, atelye ya uhunzi ipelekwe kwingine.

Nilisoma mara tatu. Fomu ile ilikuwa ya shule! Shule, Mungu wangu, na mimi nimewafungia mlango kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikaenda mbele ya meza yake. "Bwana, Walikale kuko wahunzi. Wengi. Mimi njo niliandika mubaya."

Akaweka kiko chake mezani. "Wewe uliona?"

"Niliona moto, Bwana."

"Na wewe uliandika hakuna?"

"Ndiyo, Bwana."

Hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. Alisema wakubwa wa jimbo wameshatia saini, na kwamba watu wanaoficha moto wao wangoje mpango mwingine. "Piga mashine," akasema. Nikapiga.

Mwaka uliofuata nilitumwa tena Walikale kwa kazi nyingine. Papa Kamundala alinipokea njiani na watu wake, ameshika kuku.

"Huyu njo mutoto alitufichaka!" aliwaambia. "Hakuna ata muntu moja alichukuliwa. Tumushukuru!"

Akina mama wakapiga vigelegele. Nilisimama pale, aibu imenijaa hadi masikioni. Kuku nikampokea, nikasema aksanti. Shule sikuitaja.

Sasa niko pensheni. Vijana wa ofisi za mipango wakija kunitembelea, nawaambia wamweleze mtu fomu ni ya nini kabla hawajamuuliza chochote. Nawaambia pia kwamba huruma yangu iliharibu zaidi kuliko ukali wa Bwana Inspekta, na wengine hudhani natania. Sitanii. Mpango mwingine sikuuona hadi naondoka kazini, na kila nikikutana na kijana wa Walikale aliyepanda milima na sanduku kichwani kuja kutafuta ufundi kwetu, nashtuka kama siku ile ya stensili.

Papa Kamundala alifariki akiendelea kunisifu. Wanawe waliniletea wosia wake: karani wa Masisi akifika, apewe kiti cha baba. Bado wananingoja, na mimi sijapata ujasiri wa kwenda.