Bahati wanaitaka kwa mbwa, chanjo hawaitaki

Saa mbili na robo asubuhi, upepo wa La Cumbre, kilele cha barabara ya mlimani, unapiga mpaka machozi yanatoka yenyewe. Nemesia Quenta anashuka kwenye lori la viazi lililompa lifti, anatandika blanketi la sufi kando ya lami na kupiga magoti. Anaingiza mkono ndani ya nguo zake na kutoa kichupa kimoja cha chanjo.

Amevaa sweta tatu, na vichupa vyote amevipanga kati ya ya pili na ya tatu. Huku juu chanjo ikiachwa nje inaganda, na ikiganda ni ya kutupa.

"Ukiviweka kwenye ngozi vinapata joto, ukiviweka mkobani vinaganda," anasema, meno yameshika kifuniko cha sindano. "Kwa hiyo sweta ya pili ndiyo friji yangu."

Leo anatafuta watoto wa mbwa ishirini na watatu. Mwishoni mwa Julai aliwachoma wote sindano ya kwanza ya distempa, ugonjwa unaoanza na tongotongo na kikohozi, ukaishia na degedege. Sindano ya pili ilipaswa kufuata baada ya wiki tatu, la sivyo ile ya kwanza ni kama kazi bure. Leo ni wiki ya tisa.

Hakuchelewa kwa uzembe. Alizuiwa. Waliomzuia ni watu wale wale ambao kila asubuhi husimama hapa kuwaomba mbwa hawa wawafikishe salama.

Desturi yenyewe haina aliyeianzisha. Dereva anayeteremka Yungas, mabonde ya joto chini ya milima, husimama La Cumbre, humimina pombe kidogo kwenye matairi, humnywesha Pachamama, Mama Ardhi, kisha huwatupia mbwa mkate. Mbwa wamejipanga kando ya barabara kilomita kwa kilomita, kila mmoja na kona yake. Mbwa akiupokea mkate, safari ni njema. Mwandishi wa makala haya ametupa mkate huo tangu akiwa anapakatwa na mama yake, wala hajawahi kujiuliza yule mbwa akiugua anatibiwa na nani.

Kwa sababu ya mkate huo, watu wa mjini wamejitungia ruhusa. Mbwa wa nyumbani akizaa, watoto wanatiwa kwenye boksi, wanapandishwa gari hadi La Cumbre na kumwagwa kwenye kalvati. Anayeulizwa hujibu kwa moyo mweupe kabisa kwamba huku hawatakosa chakula.

"Na ni kweli hawakosi," anasema Mama Nemesia. "Wanakufa kwa distempa wakiwa wameshiba."

Ana umri wa miaka arobaini na saba. Kuchoma sindano alifundishwa na baba yake huko Ulla Ulla, akiwa binti wa kuchunga llama na alpaka. Miaka kumi na tisa iliyopita aliajiriwa kufagia kliniki ya Dokta Wilma Aruquipa, mtaa wa Villa Fátima, pale pale magari ya Yungas yanapoanzia safari. Siku moja paka wa muuza nyama alimtoroka daktari, akapanda juu ya kabati la dawa, na mfagizi ndiye aliyemshusha. Tangu siku hiyo ufagio ulipata mtu mwingine.

"Mbwa anakung'ata akiwa amekuonya," anasema akionyesha mikono iliyojaa makovu. "Paka haonyi. Paka ndiye aliyenifundisha kazi."

Alisoma jioni akapata cheti cha usaidizi. Mshahara wake ni boliviano elfu mbili na mia saba kwa mwezi. Siku ya Jumapili, ambayo ni ya mapumziko, amekuwa akipanda La Cumbre kwa miaka minne na chanjo ambazo Dokta Aruquipa humpa kwa bei ya kununulia. Mara moja kwa mwezi daktari mwenyewe hupanda naye, wanapiga hema, wanawafunga kizazi majike na kuwahasi madume. Kila anayetoka humo huwa na alama ndogo iliyokatwa kwenye sikio ili asije akapasuliwa mara mbili.

Alama hiyo ndiyo iliyomponza.

Wiki ya kwanza ya Agosti basi dogo liliacha njia likiteremka, likaua watu wawili na kujeruhi kumi na mmoja. Abiria walionusurika walisema mambo waziwazi. Dereva alisimama La Cumbre, matairi akayapa kifuniko kimoja cha pombe, na chupa iliyobaki akaimaliza mwenyewe. Kipimo cha polisi kilionyesha hivyo hivyo.

Lakini abiria mmoja aliongeza jambo. Alisema mkate ulipotupwa, mbwa aliunusa, akageuka na kulala. Na mbwa huyo alikuwa na alama sikioni.

Basi hapo ndipo kesi ilipopata mshtakiwa. Haikuwa pombe tena, wala mwendo, wala breki. Ilikuwa jike lililofungwa kizazi. Uvumi ulifika Villa Fátima kabla majeruhi hawajafika hospitali: mbwa aliyepitishwa kisu ameondolewa bahati yake, na aliyewaondolea bahati yao ni mwanamke wa kliniki.

Inakera, na inakera zaidi mtu akijua Agosti ilivyo. Ni mwezi wa Pachamama, hakuna gari linalopita bila kutoa chochote. Mikate hulala barabarani mizima mizima kwa sababu mbwa wameshiba mpaka hawawezi kuinuka. Mama Nemesia alijaribu kueleza hivyo. Aliambiwa asimtukane Pachamama.

Chama cha madereva kilimwandikia barua ya mistari minne. Asiguse mbwa yeyote wa njia hiyo, kwa kisu wala kwa sindano, mpaka mkutano mkuu utakapoamua. Barua haikutaja mkutano huo ungekuwa lini.

Jumapili ya kwanza alishushwa kwenye gari kabla halijaondoka. Jumapili iliyofuata alipata lifti ya mfanyabiashara wa matunda, akafika juu na kukuta vijana wawili wa chama wakimsubiri. Mmoja alimnyang'anya mkoba na kuurusha korongoni, ukiwa na vichupa kumi na vinane ndani yake.

"Sikulia kwa ajili ya mkoba," anasema. "Nililia kwa sababu nilipokuwa naondoka nilimwona yule kijana akimtupia mbwa mkate na kujikunja kumwomba. Mbwa yule yule niliyetaka kumkinga."

Alikwenda ofisi moja ya serikali, akaambiwa La Cumbre iko nje ya eneo lao. Akaenda ya pili, akaambiwa barabara ni yao lakini mbwa si wao. Ya tatu ilimpokea vizuri, ikamgongea muhuri barua yake na kumtaka arudi baada ya siku thelathini. Virusi vya distempa havikuwa na haja ya muhuri.

Kufikia mwisho wa Agosti abiria walianza kusimulia kuhusu watoto wa mbwa wanaotetemeka taya kando ya lami. Dereva mmoja alimwambia mwandishi wa makala haya kwamba Pachamama alikuwa anachagua wa kwake, na akasema hayo akitafuna majani yake ya koka kwa utulivu kabisa. Mtu unatamani umshike shati.

Mkutano ulikuja katikati ya Septemba. Mama Nemesia alifika saa tisa alasiri akiwa na Dokta Aruquipa. Ukumbini walikuwamo madereva wapatao mia mbili. Ajenda yake iliwekwa mwisho, baada ya mjadala wa rangi ya jezi za timu ya chama, na mjadala huo peke yake ulichukua saa moja na nusu.

Aliyesoma mashtaka ni Severo Chambilla, katibu wa migogoro wa chama, mtu wa miaka hamsini na minane mwenye sauti ya kanisani. Alisema mbwa ni kama mlango wa njia, na mlango ukishapasuliwa haufungi tena. Alisema madereva wana wake na watoto. Alisema wao si washamba, wanaheshimu sayansi, lakini sayansi ikae kliniki.

Sauti kutoka nyuma ikadakia: "Mwangalieni vizuri, akimaliza mbwa atatuhasi na sisi."

Ukumbi ulicheka. Mama Nemesia alisubiri kicheko kiishe, akageuka kumtafuta mwenye sauti.

"Wewe nitakufanyia bure, mwanangu," alisema. "Mkeo amenieleza mna watoto saba."

Walicheka tena, safari hii si dhidi yake. Kisha akamgeukia katibu.

"Ndugu Katibu, Kapteni hajambo?"

Kapteni ni mbwa mweupe wa Severo. Hakuna asiyemjua Villa Fátima. Amevikwa sweta ya kufuma, hukaa kiti cha mbele cha gari, na abiria wengine huacha gari lililojaa wakangojea lake ili wapande na Kapteni.

Severo alijibu kwamba hajambo.

"Basi nakumbushia tu. Kapteni nilimshika mimi na akahasiwa na huyu dokta hapa, mwezi wa tatu mwaka jana. Ulikuja saa ya chakula kwa mlango wa nyuma, ukasema anashuka garini kufuata majike na kukuchelewesha. Ukaomba tusimtie alama sikioni. Hatukumtia. Sasa mwaka mmoja na nusu huu, Ndugu Katibu, umepinduka mara ngapi?"

Severo alisema siri za wateja hazitangazwi mkutanoni. Mama Nemesia alikubali kwamba ni kweli, siri ya mteja ni siri.

"Lakini mteja wangu ni Kapteni," alisema, "na yeye hajaniambia nifiche."

Kura ilipigwa kwa mikono. Chanjo ikaruhusiwa, na kuhasi kukaahirishwa hadi mkutano ujao. Mlangoni Severo alimfuata akilalamika kwamba amemvua nguo mbele ya watu.

"Mimi nimesema neno moja, mzee wangu," alimjibu. "Ninyi mmekula wiki sita. Twende ukahesabu pamoja nami tuone nani amevuliwa."

Katibu hakwenda. Leo Mama Nemesia anahesabu peke yake.

Kwenye kalvati la kwanza walikuwa watano, amemkuta mmoja. La pili lilikuwa na wanne, halina kitu zaidi ya boksi la sabuni lililolowa. Anateremka kona baada ya kona, anapiga magoti, anaita kwa mlio wa ulimi, anamulika ndani. Mbwa wakubwa wanamfuata wakitikisa mikia, kwa sababu katika watu wote wanaosimama hapa yeye ndiye pekee anayewagusa.

Saa sita na nusu anasimama. Katika ishirini na watatu amepata saba. Mmoja wao taya inamtetemeka bila kukoma na miguu ya nyuma haina nguvu tena. Huyo anamfunga kwenye blanketi kumpelekea Dokta Aruquipa, na anajua vizuri daktari atalazimika kumfanyia nini. Sita wamechomwa sindano.

"Sita," anasema. "Niandikie hapo kwa maneno, si kwa tarakimu. Watu hupita juu ya tarakimu."

Kisha anatoa mfukoni rundo la kadi za chanjo na kuonyesha mstari ulioandikwa Mwenye Mbwa. Kwa miaka minne amekuwa akijaza hapo jina lake mwenyewe. Madume, majike na watoto, wote ni wa Nemesia Quenta. Ndiyo maana, anasema, kila mtu alikuwa na haki ya kuwaomba bahati na hakuna aliyekuwa na wajibu wa kuwashika wachomwe sindano.

Mpango wake sasa ni huu: kila dereva ana kona yake anayotupa mkate, basi mbwa wa kona hiyo awe wake kwa jina na sahihi. Kazi yake iwe kumleta achanjwe, kwa siku iliyopangwa. Anataka hadi Agosti ijayo pasibaki kadi hata moja yenye jina la Quenta.

Anaanza hapo hapo. Basi dogo jeupe linasimama, mbwa wa sweta ya kufuma akiwa kiti cha mbele. Severo Chambilla anateremka, anamimina pombe kwenye matairi manne, anavunja mkate na kumtupia mbwa wa kahawia aliyekaa kwenye nguzo ya kilomita. Mbwa anaudaka. Severo anapogeuka anamkuta Mama Nemesia mlangoni na kadi na kalamu.

Anasoma ule mstari, anasema yeye mbwa anaye.

"Na huyu?" anauliza Mama Nemesia. "Kila siku unamwomba akufikishe. Ni wa nani?"

Severo anamwangalia mwandishi, anaangalia barabara inavyozama kwenye ukungu. Dirisha la nyuma linafunguliwa na bibi mmoja wa Chulumani, mji wa huko Yungas, kofia imemlalia upande, anatoa kichwa nje.

"Andika basi, baba," anasema. "Sisi tunataka kufika."

Abiria wengine nao wanaanza kumhimiza. Katibu wa migogoro anaegemeza kadi kwenye bodi ya gari lake na kuandika jina lote, herufi kubwa, kisha anatia sahihi. Mama Nemesia anaikagua kadi, anaitia ndani ya sweta pamoja na chanjo zilizobaki.

"Jumapili tarehe kumi na moja ni sindano ya kichaa cha mbwa," anamwambia. "Saa mbili uwe hapa, mzee wangu. Mwenye mbwa ndiye anayemshika."