Kiu ya Bibi kwa Kiingereza

Jumatatu saa nne asubuhi, bibi mmoja wa Ng'ambo aliingia ofisi ya maji kuomba bomba la mtaa wao lifunguliwe. Karani akaanza kumwandikia mkubwa wa ofisi, Mwingereza, barua ya Kiingereza. Mwenzake akachungulia.

"Kiu kwa Kiingereza haitiwi 'the' mbele, bwana."

"Kwa nini? Kiu yenyewe si hii ya Bibi?"

Karani mkuu akaitwa, akavaa miwani, akaagiza kamusi.

"Wanangu, nshachoka," bibi akasema. "Mzungu wenu Kiswahili anakijua, kaniamkia pale mlangoni. Mwambieni tu."

"Kwa Kiswahili? Bibi, hapa ofisini!" akasema karani mkuu.

Mkubwa akatoka, akamwuliza bibi shida yake kwa Kiswahili safi. Karani mkuu akamwahi bibi, akajibu kwa Kiingereza kwamba shauri linashughulikiwa. Mkubwa akaenda zake.

Kiingereza kina walinzi wakali kuliko Waingereza wenyewe. Bomba lilifunguliwa Ijumaa.