Bisibisi ya Fundi Sikio

Mafundi wengine, wakitafuta nozeli mbovu, kile kipuliziaji cha dizeli ndani ya injini, hulegeza mabomba ya dizeli moja baada ya jingine. Fundi Sikio hakufanya hivyo hata siku moja. Aliweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya nozeli, akaegemeza mpini sikioni, akakutajia iliyoharibika. Kwa miaka thelathini sikio hilo lilimlisha. Lakini injini zilizomlisha ndizo zilizolimaliza, na aliyejua ni mkewe tu.

Asubuhi moja shemeji yake, dereva, alileta lori lililokuwa likigonga na kutoa moshi mweusi.

"Daktari, kati ya hawa sita mgonjwa ni yupi?"

Fundi akainama na bisibisi yake. Mkono ulihisi mtetemo, sikio halikuleta kitu. Akazipitia nozeli zote sita, kimya kilekile.

"Ya tatu," akasema, maana ilibidi aseme.

Akaifungua, akafunga mpya, wakawasha.

"Unasikia lilivyotulia?" Fundi akauliza.

Shemeji yake, ambaye hakosi utani, mara hii hakutania, alilitazama sikio la Fundi. Kisha akapaza sauti: "Limetulia kabisa, shemeji! Mkono wako haujazeeka!"

Fundi akatabasamu, mpaka macho yalipofika nyuma ya lori. Moshi ulikuwa mweusi vilevile.

Lori likatoka polepole. Getini halikushika njia ya safari. Liliwasha taa ya kushoto, likaingia gereji ya jirani, wanakolegeza mabomba.

Fundi akaipangusa bisibisi, akaitundika kwenye msumari wake, akafunga mlango. Ilikuwa bado saa tatu asubuhi.