Mtoto aling'aa mafuta wakati wa Emergency, cucu akachukuliwa

Wakuu, salamu kutoka Mweiga. Nimewasoma hapa mkibishana ati mafuta ni sumu, nikakasirika. Mimi ni mzee, wacha niwaambie kitu niliona na macho yangu. Siongezi chumvi.

Wakati wa Emergency, ile hali ya hatari mkoloni alitangaza akipigana na Mau Mau, nilikuwa msichana mdogo. Askari wa mkoloni walichoma nyumba zetu, wakatuweka kwa kijiji imezungukwa na mtaro. Wamama walichimba huo mtaro mchana kutwa. Chakula ilikuwa mboga ya kuchemsha, bila mafuta hata tone.

Mama akajifungua msichana. Maziwa ikakataa kutoka. Mtoto alilia mpaka sauti ikaisha.

Sasa, kwetu mama akizaa anachinjiwa kondoo, anakunywa yale mafuta. Lakini kondoo zetu zilishachukuliwa.

Cucu, mama ya mama yangu, alikuwa ameficha kibuyu ya mafuta ya kondoo chini ya kitanda. Ilikuwa hatari. Home guard, wale watu wetu waliolindia mkoloni kijiji, wakiipata wangesema unalisha Mau Mau huko msituni.

Kila asubuhi alimpa mama kijiko, baridi hivyo hivyo, maana ukipasha moto harufu inatembea. Maziwa ikaja. Mtoto akanyonya, tukapumua.

Kijiko ikibaki na mafuta, cucu hangeosha. Alipangusa na kidole akapaka mtoto, vile watoto walipakwa kwetu siku zote. Hakufikiria. Mkono ulikuwa umezoea.

Siku moja tukaitwa nje kuhesabiwa. Sisi wote tumepauka kama tumelala kwa majivu. Home guard akasimama mbele ya mama.

"Huyu mtoto mbona anang'aa?"

Cucu akasonga mbele. "Ni mimi nilimpaka. Huyu hajui kitu."

Wakaenda na yeye. Hakurudi. Hata kaburi hatujui, na inaniuma mpaka leo.

Huyo mtoto sasa ni cucu, na amebeba jina ya yule aliyechukuliwa. Daktari alimwambia apunguze mafuta, na ni sawa, mwili wake si wa njaa. Lakini yeye akaacha kabisa, akaanza kukataza hata binti yake anayenyonyesha.

Mama alikuwa ametukataza kumwambia vile cucu alichukuliwa, asije akajilaumu. Jumapili nikashindwa kunyamaza, nikamwambia yote tukiwa mezani tunakula nyama, binti yake akiwa hapo.

Akakata kile kipande ya mafuta ya nyama alikuwa ametenga kando ya sahani, akawekea binti yake.

Wakuu, mafuta ni kipimo, na inategemea nani anakula. Mama anayenyonyesha msimnyime.

Kwenu mama akizaa alipewa nini? Ulizeni wazee wenu wakiwa bado wako, mtuandikie hapa.