Bertilla na Nyuzi za Mshipi

Bertilla hakuwa mjinga, ila wadudu aliwaogopa kupita kiasi. Ndiyo maana ukulele wake, kigitaa cha nyuzi nne, aliutundika juu ya meko, katikati ya mbegu za mahindi, moshi uulinde usipekechwe. Mti ukapona kweli. Nyuzi zote nne zikakauka, zikakatika kama tambi, na hiyo ndiyo wiki ya kumuaga Faith, binti wa kaka yake, anayeolewa.

"Shangazi, umenibembeleza na hicho kiroboto tangu nikiwa mgongoni," Faith alimwambia. "Bila hicho sitoki kwa baba."

Jina la kiroboto Bertilla alitoka nalo Chala, alikofundishwa cherehani na ukulele na Sista mmoja mzee. Sista alisimulia kwamba mafundi Wareno walivuka bahari na vigitaa vyao mpaka visiwa vya Hawaii, wakaanza kuvichonga kwa miti ya kule. Wenyeji, inasemekana, walipoona vidole vinavyorukaruka juu ya nyuzi, wakakiita ukulele, yaani kiroboto arukaye.

Lakini kaka yake, Fabiani, alishakodi dijei na maspika marefu kama milango.

"Dada, nakupa wimbo mmoja. Ukiharibu, dijei anaendelea."

Madukani Sumbawanga nyuzi zilikuwa za chuma, za gitaa kubwa. Hizo zingemvunja shingo kiroboto wa watu. Bertilla akaingia kwa muuza nyavu anayepeleka mzigo kwa wavuvi wa Kabwe. Akaomba mishipi ya kuvulia, minene kwa miembamba. Akauma ncha moja, akavuta ya pili, akadonoa katikati huku katega sikio.

"Mama, samaki gani anavuliwa kwa meno?"

"Yule anayeuliza sana. Nikatie huu."

Shida ni moja: mshipi mpya hulegea siku kadhaa kabla haujatulia, na sherehe ilikuwa kesho yake.

Ukumbini walijaa wakwe, wafugaji wa Kisukuma, wamependeza hao! Ubeti wa kwanza wa bembelezi la Faith ukaenda vizuri. Wa pili nyuzi zikalegea, ukulele ukalia kama mbuzi aliyepaliwa. Fabiani akaanza kumwinulia dijei mkono. Bertilla akamwona. Vidole vikikaza nyuzi, mdomo ukatangulia:

"Wakwe zetu wana ng'ombe wengi, mahindi yetu, jamani, yamelala salama?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Rahel, shangazi wa bwana harusi, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, akasimama:

"Bibi harusi tumemwona, mzuri! Na huo mwiko wenye nyuzi ndio wa kusongea ugali?"

Vigelegele! Bertilla alishakaza, akapiga ubeti wa tatu. Nyuzi zikalegea, akarusha kijembe. Rahel akajibu, yeye akakaza. Ikawa hivyo, kijembe kwa kijembe, mpaka wageni wakadhani ndivyo wimbo ulivyotungwa. Mkono wa Fabiani ukashuka wenyewe, ukaanza kupiga makofi.

Mwishowe mshipi ukakubali kukaa. Bertilla akapiga bembelezi lote bila kusimama, na Faith akalia huku anacheka, poda yote ikaenda na maji.

Wakati wa chakula Rahel akaja na sahani yake, akauchungulia ukulele tunduni.

"Mkwe, mwiko huu mtu anajifunzaje?"

"Njoo kwangu Jumapili," Bertilla akasema. "Ng'ombe uwaache nyumbani."